Mwaka Tuliofuga Kikande

Juzi tumemzika mdogo wangu Sidi huko Kaloleni. Kanisani alisimama kijana mmoja wa tai, mjukuu wa mume wake, akasoma maisha ya marehemu: alizaliwa Sabaki, akaolewa Kaloleni, akajaliwa watoto, alikuwa mkulima hodari na mpenda kanisa. Akakunja karatasi, akaketi. Mimi nilikuwa benchi la mbele na wajukuu wangu, mmoja nesi, mmoja mwalimu, mmoja ana duka lake mwenyewe, na asiniambie mtu kwamba najisifu, maana ni kweli. Nikangoja isomwe habari ya Malindi. Haikusomwa. Kati ya kuzaliwa Sabaki na kuolewa Kaloleni palikuwa na mwaka mzima, na mwaka huo waliuruka kama mtu arukavyo dimbwi asichafue viatu. Mjukuu wangu nesi akaninong'oneza, "Bibi, mbona unatikisa kichwa?" Nikamwambia, "Huyo aliyesomwa simjui. Mimi wangu alikuwa fundi wa nguo." Akashangaa. Hakuna aliyewahi kumwambia. Basi nauandika mwenyewe. Shule niliiachia darasa la nne, lakini macho sikuyaacha huko, wala masikio.

Ulikuwa ule mwaka wa unga wa manjano, miaka ya themanini. Mvua ilikataa, mahindi yakaletwa kutoka ng'ambo, na sima yetu ikawa na rangi ya embe bivu na harufu ya gunia. Ukimtilia mtu mzima sahani ya sima hiyo alikutazama kama umemtukania mamake. Nilikuwa nimeolewa karibuni na Karisa, nina mimba yangu ya kwanza, na tulikuwa tumepanga vyumba viwili Malindi, mtaa wa Barani, nyumba ya Bi Rukia, mama wa Kibajuni aliyehamia Malindi na mumewe kutoka visiwani, mume akafa, yeye akabaki na nyumba na ulimi. Nyumba yenyewe ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na jiko la makuti huko uani. Chumba cha ndani tulilala mimi na Karisa. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, viti viwili, kamba ya nguo, mahali pa Sidi pa kulala, na tangi la samaki. Nikisema tangi msifikirie mapambo ya hoteli. Lilikuwa sanduku la kioo lililopasuka pembe, likazibwa kwa gundi, limewekwa juu ya makasha mawili ya soda, na kimashine cha hewa pembeni kikinguruma kutwa kucha kama paka aliyeshiba. Umeme wake tuliomba kwa Bi Rukia, akatukubalia waya mmoja.

Karisa alifanya kazi kwa mzungu mmoja aliyekuwa akipeleka samaki Ulaya kwa ndege, wazima, kila mmoja ndani ya mfuko wake wa plastiki wenye maji na hewa. Si samaki wa kula. Samaki wa kutazamwa. Vijana walizama miambani na nyavu ndogo kama za kukamatia vipepeo, wakawaleta, na Karisa kazi yake ilikuwa kuwalisha na kuwafungasha. Aliyechanika pezi hakufaa kusafiri, na tangi lililopasuka halikufaa kazini, basi Karisa akavileta vyote viwili nyumbani, anacheka kama aliyeokota dhahabu. Bi Rukia alikuja kutazama akashika kiuno. "Kadzo mwanangu, watu wanakula unga wa kuku, na mumeo amemtia samaki kwenye kioo amkodolee macho? Kwetu sisi samaki haulizwi habari zake. Huulizwa nazi ngapi." Karisa akamjibu, "Huyu hana nyama, Bi Rukia, ni ngozi tupu." Bi Rukia akasema, "Hata mimi nimebaki ngozi tupu, mbona sijatiwa kwenye kioo?" Tulicheka siku ile mpaka mimba ikanisukuma mbavu.

Maji ya samaki hao yalikuwa ya bahari, na bahari haina bomba. Baiskeli ilikwenda na Karisa kazini. Kwa hiyo waliokuwa wakishuka pwani na madumu kila mara maji yalipochafuka ni mimi na Sidi, mimi na tumbo langu, yeye na mabega yake membamba. Nimeibeba bahari kichwani, wajukuu wangu, ikinimwagikia shingoni, ili samaki asiyelika apate kuoga. Sidi hakulalamika. Alikuwa mtu wa kuomba radhi kwa kiti akikigonga. Alikuja kwangu kunisaidia kwa ajili ya mimba, ndivyo tulivyosema nyumbani, lakini lililomleta hasa ni darasa la kushona la akina mama wa kanisa, la mwaka mmoja. Anayemaliza hushona gauni zima peke yake mbele ya walimu, kuanzia kukata mpaka pindo. Na fundi mmoja mwenye duka mjini alikwisha kuiona mikono ya Sidi, akasema wazi, "Akimaliza tu, cherehani ya dirishani ni yake." Sidi alilirudia neno hilo kila siku akiosha vyombo, si kwa kuniambia mimi, kwa kujiambia mwenyewe. Cherehani ya dirishani. Alikuwa na desturi ya kumpima mtu kwa macho. Karisa akiingia mlangoni alishajua mabega yake inchi ngapi. Na alipocheka alifunika mdomo na kiganja, mabega yakatikisika, sauti haitoki.

Samaki wa kwanza alikuwa kikande. Alikuja mdogo kama kidole gumba, mkia umekatika. Kikande ana kichwa nusu ya mwili, meno kama ya panya, na macho mawili yanayozunguka kila moja kwa shauri lake, moja linakutazama wewe na jingine linatazama mlango. Akitaka kulala huingia kwenye tundu la jiwe, akasimamisha mwiba wa mgongoni, na hapo hata umvute hatoki. Ukimkasirisha hukoroma. Kweli hukoroma, tulimsikia kupitia kioo. Alihamisha mawe kwa mdomo, alitema maji nje yakalowanisha ukuta, na alikua haraka kama mtoto wa jirani. Baadaye Karisa akamletea mwenzake, kitatange, samaki wa njano, bapa kama kisahani, mwenye mdomo mwembamba wa kudonoa donoa. Huyo hakuwa na ugomvi na mtu. Alizunguka kutwa akionja mawe. Sidi alimpenda sana. Alisema ile njano ndiyo atakayoitafuta kwa gauni lake la mwisho, na akaipata kweli, kitambaa cha njano chenye maua madogo.

Karisa alijua kazi yake, sitamnyima haki. Kabla ya kumtia kitatange alitoa mawe yote, akayaweka kwenye karai, kikande akabaki anazunguka kwenye maji matupu kama mlevi aliyepotelewa na kwake. Kisha akayapanga upya, tundu la zamani likawa halipo. "Anayejua mlango wake ndiye anayewafungia wengine," aliniambia. "Nikiuvunja mlango, wote wawili ni wageni." Na pia akasema kwamba mpole ndiye anayetakiwa kutangulia, mkali aingie mwisho, lakini sisi tulikuwa tumeanza kinyume, hatuna la kufanya. Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Halafu asubuhi moja tukamkuta kitatange pezi lake la juu limeliwa kama mkate uliotafunwa na mende.

Katika siku hizo ndipo alipofika Kache, dada yake Karisa, mkubwa kwake. Alitoka kwa mumewe huko Ganze, jua la saa nane, na bonge la nguo kichwani na jino la mbele limevunjika. Hakusema nani kalivunja, hatukuuliza. Watoto wake wawili walibaki huko, maana kwetu mtoto ni wa baba. Karisa alimpokea akilia. Mimi nilimpikia. Lazima nieleze jambo moja hapa, maana vijana wa sasa hawalijui. Kwetu Wagiriama ndugu wa kiume huoa kwa mahari ya dada yake. Ng'ombe na mbuzi walioletwa kwa ajili ya Kache waliingia mlango wa mbele wakatokea mlango wa nyuma, wakaenda kwa wazee wangu kunioa mimi. Ndoa yangu ilikuwa imesimama juu ya ndoa yake kama sufuria juu ya mafiga. Yeye akiachika kabisa, wakwe zake watadai chao, na Karisa atakitoa wapi isipokuwa kwa kunirudisha mimi? Kwa hiyo sote tuliomba amalize hasira arudi kwake, na mpaka atakaporudi hakuna aliyethubutu kumgusa. Yeye alilijua hilo kuliko sisi. Siku ya pili tu, nikimwonyesha mahali pa kulala chumba cha mbele na Sidi, aliniambia kwa upole kabisa, "Kadzo, mimi ndiye niliyekuoa. Karisa alikukuta."

Mimi hakunisumbua sana. Mimba ilinikinga. Aliyempata ni Sidi. Tukikaa mkekani kula, sima ya manjano na mchicha na dagaa wa nazi, Kache alikuwa akiuzuia mkono wa Sidi kwa mwiko. "Ngoja. Wa kuja hula mwisho."

"Sawa, dada."

"Dada yako ni huyo mwenye tumbo. Mimi niite shangazi."

"Sawa, shangazi."

"Ati fundi! Umeshona nini wewe? Hebu nishonee mdomo huu, tuone kama uzi wako ni imara." Na Sidi, masikini, akacheka, kiganja mdomoni, mabega yanatikisika, maana kusema kweli lilichekesha. Kache naye akakaribia kucheka. Nilimwona. Uso ulimlegea, pengo likaonekana, kisha akaufunga tena kama mtu anayefunga duka. Nimelifikiria pengo lile miaka mingi. Angecheka siku ile, huenda nisingekuwa na la kuandika.

Alimwagia maji uzi wake. Alimtuma dukani wakati wa darasa ukikaribia, akirudi anamtuma tena. Mashairi ya matusi alimwimbia akipita ukumbini, hayana jina la mtu, lakini yana maua madogo na njano. Siku moja Sidi alimaliza kishati cha mtoto wangu aliyekuwa hajazaliwa, cha mabaki ya vitambaa, mikono imepinda vizuri. Kache akakichukua, akakilaza mapajani, akakinyoosha kwa vidole kwa muda mrefu. Akasema, kama anasema na kishati, "Wangu mdogo kingemwenea." Nikafikiri, leo yamekwisha. Jioni nilikwenda jikoni nikakikuta kishati kile kimetumika kuteremshia sufuria, kimeungua kifuani, kina masizi. Kache alikuwa anakoroga mchuzi, hakugeuka. Sikujua nimpige au nimkumbatie, na mtu akiniambia leo kwamba angejua, namwambia mwongo.

Nilijaribu. Nilihamisha meza na vitu vyote vya chumba cha mbele, kama Karisa na mawe yake, nikamwekea Kache upande wa dirisha kwenye upepo na Sidi upande wa mlango. Kache aliingia, akatazama, akacheka kwa pua. "Mmehamisha meza mkadhani nimehama mimi?" Akabeba mkeka wake akautandika palepale pa zamani, na Sidi akalala karibu na madumu. Nikaongea na Karisa. Tulikuwa tumekaa mbele ya tangi, yeye anamlisha kikande vipande vya kamba wa baharini, kipande baada ya kipande, ili ashibe asimfuate mwenzake. Nikamwambia, "Dada yako anammaliza Sidi."

Akasema, "Dada Kache ana uchungu."

"Uchungu wake haukuletwa na Sidi."

"Najua."

"Basi mwambie."

Akatia kipande kingine. "Nimwambie nini, Kadzo? Nimwambie atoke aende wapi?" Na kikande, tumbo limemjaa mpaka limechomoza, akageuka, akamfuata kitatange akamkata mkia. Kumbe hakuwa na njaa. Karisa alisonya kwa huzuni, akaenda kutafuta kioo cha kutenganisha. Kwa samaki alikuwa na shauri moja baada ya jingine. Nilikaa pale nikautazama mgongo wake ukiinama juu ya maji, mgongo mpana, mzuri, ambao Sidi aliujua inchi ngapi, na nikaelewa kwamba mwanaume huyu haoni vibaya. Anaona sawasawa na mimi. Ila palipo na samaki mikono yake inafika, na palipo na dada yake haifiki.

Kile kioo kilisimama katikati ya tangi, kikande huku, kitatange kule. Hakuna aliyemuuma mwenzake tena. Lakini kitatange aliacha kula. Kikande alikaa kutwa amebandika uso kwenye kioo, jicho moja huku jingine kule, na yule mwingine akamwona, akajibana pembeni, vipande vya chakula vikamwangukia mgongoni vikaoza. Sidi naye kwa wakati huo alikuwa ametundika leso yake ya kujifunga kwenye kamba ya nguo kati yake na Kache, wazo lake mwenyewe, hakuniuliza. Akaanza kushonea barazani kwa Bi Rukia, na chakula akawa anasema ameshakula darasani. Darasani hawakupewa chakula. Nilijua, Bi Rukia alijua, alikuwa akimpa mahamri kwa siri akisema yamebaki. Kache alikuwa akizungumza na ile leso. "Mwali yuko ndani? Hujambo mwali? Unatoka lini tukuone?"

Karisa alipoona kitatange anakonda, akachukua ndoo akamrudisha baharini. Nilimwuliza kwa nini asimtoe kikande. Akanijibu bila kufikiri, "Kikande ndiye aliyetangulia. Na ameshazoea mkono." Ni kweli alizoea mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wa Kache. Yeye peke yake aliweza kutia kidole majini na kikande akaja kuchukua kipande polepole, bila kumng'ata, akimzungushia macho. Wala msidhani siku ile ya ndoo niliota jambo au nilipata ishara. Watu wazima hupenda kudai kila kitu kilikuwa ishara. Mimi nilifurahi tu kwamba samaki amepungua, labda na madumu yatapungua.

Sasa nije kwenye utani. Kwetu shemeji hutaniwa, hata watoto wanajua. Mume wa dada humwita mdogo wa mkewe "mke wangu mdogo", naye humjibu, "Mume gani huyu asiye na viatu?" na wote hucheka, na mke mkubwa hucheka kuliko wote. Karisa alikuwa akirudi kazini anaita tokea ukumbini, "Mke mdogo, chai iko wapi?" na Sidi, hata katika siku zile mbaya, alijibu, "Kamwulize mkubwa, mimi niko fungate." Hilo tu. Ndilo lililokuwa limebaki la kuchekesha katika nyumba ile. Kache akalichukua akalipeleka bombani, mahali ambapo wanawake hupanga foleni ya maji, akalisema bila kicheko. Nililisikia kwa masikio yangu, niko nyuma ya ua wa makuti na ndoo yangu. "Kaka yangu ana vyumba viwili na wake wawili, mmoja ana tumbo, mwingine bado hajaonekana." Neno halikuwa uongo hasa. Lilikuwa utani uliovuliwa nguo. Likapanda magari likafika Sabaki kabla ya mwezi kwisha.

Baba mdogo alikuja kutoka Sabaki alasiri moja. Ndiye aliyekuwa akisimamia mambo yetu. Alivua kofia, akaketi kiti kimoja, Karisa kiti cha pili, mimi na Sidi mkekani, na Kache pembeni na ungo, anachagua kunde. Alikunywa chai kwanza. Akaulizia mimba. Akalitazama tangi, akamwuliza Karisa, "Huyu analiwa?" Karisa akasema haliwi. Baba mdogo akasema, "Ehe," kama mtu aliyejibiwa swali jingine. Kisha akaweka kikombe chini.

"Karisa, mkwe wangu, nimeletwa na neno. Sijui kama ni neno au ni upepo. Huko kwetu wanasema humu ndani muna wake wawili."

Kimashine kilinguruma. Kache alipepeta ungo mara moja, makapi yakaruka.

"Utani wa shemeji naujua," akasema baba mdogo, "hata mimi nimewatania wa kwangu. Sikuja kugombana. Nataka nisikie kwako, mwenye nyumba. Huu ni utani, au ni nini?"

"Baba, watu husema mengi," akasema Karisa.

"Watu gani?"

Hapo ndipo ilipotakiwa sentensi moja. Aseme, "Ni utani, na aliyeugeuza ni dada yangu." Aliifungua midomo, nilimwona. Kache hakumtazama. Aliendelea na kunde zake, kidole kinasukuma mbovu kando, nzima kando. Karisa akainuka. "Samahani baba, hewa imepungua hapa," akasema, akainama kwenye tangi akaanza kushikashika mpira wa kimashine, na hewa ilikuwa haijapungua hata kidogo.

Nikasema mimi. "Baba, ni uongo, na aliyeusema namjua."

"Nani, wifi?" akauliza Kache, sauti tamu. "Mtaje."

"Ni wewe, wifi. Nilikusikia bombani."

Basi nilimtaja. Nikangoja dunia ipasuke. Haikupasuka. Baba mdogo alinitazama kwa huruma, akatikisa kichwa. "Kadzo, mimba inakusemesha. Mwanamke hamtaji wifi yake mbele ya watu. Mimi nimemwuliza mwenye nyumba." Akamgeukia Karisa, akangoja. Karisa alikuwa bado ameshika ule mpira. Akangoja tena. Kisha akachukua kofia yake. "Basi msichana nitakwenda naye. Ndivyo tutakavyouzima upepo."

Sidi akasema, chini chini, kama anayeomba radhi kwa kiti. "Baba, nimebakiza gauni la mwisho tu. Nimeshakata. Nimebakiza kuunga."

"Gauni halikimbii, mwanangu."

Bi Rukia akaingia, bila hodi, maana alikuwa ukumbini anasikiliza tangu kikombe cha kwanza. "Niachie mimi, bwana. Alale kwangu. Mimi mjane, kwangu hakuna mwanaume, hata paka wangu ni jike. Amalize darasa lake, kisha uje umchukue."

Baba mdogo akasimama kwa heshima. "Ahsante sana, mama. Lakini akikaa mtaa huuhuu watasema tumemficha." Akasema kweli. Wangesema. Kila aliyesema alasiri ile alisema jambo la maana, na mambo yote ya maana yakakusanyika yakamtoa Sidi mlangoni.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwanza darasani, baba mdogo anamngoja nje. Mwalimu wake alinisimulia. Alilikunjua lile gauni la njano, vipande vyote vimeshikizwa kwa pini, akazichomoa moja moja akazirudisha kwenye kopo, maana pini zilikuwa za darasa. Akaacha vipande vimepangwa, mgongo, kifua, mikono. Kwangu hakulia. Alinishika tumbo, akasema, "Mwambie akija nilikuwepo." Kache alikuwa uani, anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Nilijifungua mwanangu wa kwanza wiki chache baadaye, na lazima niandike lililo kweli hata kama linanikaa kooni: aliyenihudumia ni Kache. Alinikanda maji ya moto, alimwogesha mtoto kwa mikono ya mtu anayejua, alinipikia uji mwepesi akakaa mpaka niumalize. Usingizi ukinizidi alimpakata mtoto dirishani akamwita kwa majina ya wale wake wawili. Nilimshukuru. Ningefanya nini? Nilikuwa nimelala chali, mwili umenichanika, na mkono wenye kijiko ulikuwa wake. Mpaka leo nikimkumbuka siwezi kumchukia moja kwa moja wala kumsamehe moja kwa moja. Naye amekwisha kufa, miaka mingi sasa, mwenyewe kwake Ganze, kati ya wanawe.

Maana alirudi kwa mumewe. Mtoto wangu alikuwa hajaanza kuinua shingo, mumewe akaja na wazee wawili, wakaketi kwenye viti vilevile viwili na mkekani, wakaomba msamaha kwa maneno mazuri na mbuzi mmoja. Kache aliwasikiliza. Akauliza, "Mdogo amepungua homa?" Wakasema amepona. Akainuka palepale akafunga nguo zake. Mlangoni aliniambia, "Kaa vizuri, wifi." Na ndoa yangu ikasimama tena imara juu ya yake, na chumba cha mbele kikawa kitupu, pana nafasi ya watu watatu kulala wamejinyoosha.

Karisa alifurahi kama siku aliyoleta tangi. Alifagia mwenyewe, mwanaume mzima na ufagio. "Sasa Sidi anaweza kurudi," akasema. "Upepo umekwisha. Darasa halijafungwa. Nenda kesho ukamlete, mimi nitasema na mwalimu." Nikambeba mtoto mgongoni nikaenda Sabaki. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia baba mdogo. Nilipofika uani kwetu niliwakuta wanawake wanafagia, na wanaume wamekaa kimya kile cha watu walioshiba na kunywa. Kulikuwa na wageni kutoka Kaloleni, wakasema, wameondoka sasa hivi. Mwanaume mmoja aliyefiwa na mkewe, mtu mwema, ana minazi mingi. Sidi alikuwa jikoni, anasonga sima. Alimchukua mtoto wangu kwanza, akamgeuza geuza, akampima mabega kwa macho, nilimwona akimpima. Nikamwambia Kache ameondoka. Nikamwambia chumba ni kitupu. Akasema, "Leo?"

"Juzi."

Akageuza sima upande wa pili. "Lile gauni walilitupa?"

"Lipo. Mwalimu amelihifadhi, vilevile ulivyolipanga."

"Mwambie atafute mwenye mwili kama wangu aliunge. Kitambaa kizuri kile." Akanipakulia, akanikalisha, akanitazama nikila mpaka nikamaliza, maana mzazi anayenyonyesha hatakiwi kuacha chakula.

Nilirudi Barani peke yangu na mtoto. Karisa alikuwa amesimama mlangoni, amevaa shati safi, anachungulia nyuma yangu kama kuna mtu amechelewa kushuka. Nikamwambia, "Tembo limeshanywewa." Kwetu tembo la posa, pombe ya mnazi, likishapita kooni mwa wazee, msichana amekwenda, hata kama bado amesimama jikoni kwa mamake na mwiko mkononi. Karisa alilijua hilo tangu amezaliwa, kama alivyojua jina la babake. Akaketi kizingitini. Akanitazama, mtu mwenye ndevu, mwenye mtoto, akaniuliza, "Lote?"

Nikamwambia, "Lote, Karisa. Na vibuyu wamekwisha kuviosha."